Vipimo Ndani ya Pipa

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalisema mapema kabla Shangazi hajalisema yeye, maana akianza hamalizi. Mimi ndiye niliyemwambia apunguze vitu kwenye kompyuta yake. Ilikuwa imekuwa nzito, kufungua kitu kimoja kunachukua muda wa kuchemsha chai, naye akaja kugonga ukuta wa mbao unaotenganisha duka langu la kutengeneza kompyuta na chumba chake cha ushonaji. Wakati huo nilikuwa na simu ya mteja sikioni na bisibisi mdomoni. Nikamjibu bila hata kugeuka, "Shangazi, toa visivyo na kazi."

Shangazi ni dada yake baba. Mtaa mzima unamwita Mama Futi kwa sababu futi haimtoki shingoni. Nina hakika hulala nayo. Ameshona nguo kwa miaka thelathini na ushei, na chumba chake ni safi kiasi cha kuudhi. Vipande vya kitambaa havilali sakafuni. Sindano zinahesabiwa. Taka hutolewa kila jioni, hata ikiwa ni uzi mmoja. Mtu wa namna hiyo ukimwambia atoe visivyo na kazi, anatoa kweli.

Alifungua kabrasha la mafaili akakuta "Vipimo", "Vipimo nakala" na "Vipimo nakala ya juzi". Hilo la kwanza ndilo faili lenyewe, lenye vipimo vya wateja wake wote: kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu, na mwishoni safu ya maelezo ambamo huandika mambo kama "hapendi kubanwa" na "bega la kushoto limeshuka, asiambiwe". Nakala mbili nilizitengeneza mimi, ili siku mambo yakiharibika tuwe na pa kushika. Yeye aliona vitu vitatu vinavyofanana, akaamua kuwa ni uzembe wangu. Vipimo halisi, kwa akili yake, vilikuwa kwenye ile alama iliyoko mbele ya kioo, anayoibonyeza kila siku. Hakujua kuwa alama ile ni mlango tu, na nyumba iko kwingine. Akabomoa nyumba, akauacha mlango.

Kisha akamwaga pipa la taka la kompyuta. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alilimwaga, alinitazama kwa huruma.

"Wewe unalala na taka ndani?" akasema.

Kilichotuponza zaidi ni kwamba hakuna aliyegundua. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na kwa karibu wiki nne Shangazi alishona sare tu, ndogo, za kati na kubwa, ambazo hazihitaji kiuno cha mtu yeyote. Siku ya ishirini na saba alimaliza sare, akafagia, akatandika mezani kitambaa cheupe nilichokuwa sijawahi kukiona, akabonyeza ile alama yake. Kompyuta ikamjibu kuwa anachokitafuta hakipo.

Alinigongea ukuta kwa mpini wa mkasi. Mara moja maana yake njoo. Mara tatu maana yake kuna balaa. Nilihesabu saba.

Nilimkuta amekaa, na hilo lilinitisha kuliko ile sauti ya mkasi, kwa sababu Shangazi mchana hakai ila mbele ya cherehani.

"Vimekwenda wapi?" akauliza.

Nilitafuta. Nilipoona pipa tupu nilielewa, na damu ikanipanda. Nikamwambia mambo ambayo mtu hamwambii shangazi yake: kwamba nimemweleza habari ya nakala mpaka koo limekauka, kwamba yeye hutupa vitu kwa mkono mmoja na kulaumu kwa mwingine. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Halafu akagusa kile kitambaa cheupe kwa ncha ya kidole, akasema taratibu, "Harusi imebaki siku tisa."

Hapo hasira yangu yote ikaishia.

Harusi ilikuwa ya binti yake, binamu yangu. Sisi nyumbani tunamwita Sindano, kwa wembamba wake utotoni na kwa ulimi wake mpaka leo. Sindano ndiye aliyekuwa akifanya kazi na mama yake katika chumba kile. Shangazi anapima, anataja namba kwa sauti, Sindano anaandika. "Pumua kwanza," Shangazi humwambia kila mteja, kwa sababu watu wakiona futi hufyonza tumbo. "Pumua kwanza, ndipo nikupime." Kisha namba, na vidole vya Sindano vikigonga. Nilizoea kuwasikia kupitia ukuta kuliko nilivyozoea redio yangu.

Mwaka mmoja na nusu uliopita Sindano alipata kazi ofisini, kwenye kiwanda cha nguo za kununua tayari, katika mji ulio safari ya siku nzima kutoka kwetu. Angepata kazi ya kuuza silaha Shangazi angemwelewa haraka zaidi. Alimwambia binti yake kwamba nguo isiyomjua mwenyewe si nguo, ni gunia lenye mikono. Sindano akajibu kwamba angalau gunia halimsemi mtu. Wakatoka hapo hawazungumzi tena. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze, na kwa ukaidi wamefanana kama soli za jozi moja.

Kadi ya harusi ililetwa na baba yangu. Shangazi aliisoma, akaiweka chini ya pasi. Kumbe alikwenda kununua kitambaa.

"Namshonea gauni," akaniambia sasa. "Nitafika nalo. Likimkaa, nitakuwa nimeshasema yote ya kusema. Lisipomkaa, atavaa la kiwandani, na mimi nitakaa kiti cha mbele kama mgeni mwalikwa."

"Basi mpigie, muulize vipimo."

"Nikimpigia, nitakuwa nimeanza mimi."

"Nimpigie mimi?"

"Ukimpigia, mtafute shangazi mwingine."

Mezani pale kompyuta ilikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa nimekitilia maanani. Juu ya kioo, kwa utepe wa gundi, Shangazi alikuwa amebandika kipande cha bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo, upana wa vidole viwili, kikikatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Tangu zamani alidai kinazuia mwanga wa dirishani. Dirisha lenyewe liko nyuma ya kompyuta. Sikuuliza, nikabeba mashine nikaenda nayo kwangu.

Kufuta faili si kuliteketeza. Kompyuta hulisahau tu mahali lilipo, na panapobaki wazi huandika vitu vingine juu yake, kidogo kidogo. Ukiwahi, unalikuta zima. Ukichelewa, unakuta mabaki. Sisi tulikuwa tumechelewa siku ishirini na saba, na siku hizo zote Shangazi alikuwa akiingiza picha za kola za sare. Niliendesha programu ya kuchimbua diski, ikachimbua asubuhi nzima. Ilinirudishia picha elfu mbili za magauni, risala ya mtu nisiyemjua, na saa nane mchana, faili moja la vipimo lililo zima.

Nililichapa karatasini, nikamrudishia mashine na karatasi mbio. Akalisoma akiwa amesimama, akaona jina la Sindano, uso ukamfunguka. Kiuno ishirini na nne. Akachukua chaki.

"Ngoja," nikasema. "Hili ni la miaka minne iliyopita. Ni toleo la zamani."

"Mtoto wangu namjua."

"Unamjua wa miaka minne iliyopita."

"Mtu ana kiuno kimoja," akasema. Huo ndio msimamo wake siku zote, na ndiyo sababu kila mteja akipimwa upya alikuwa akifuta namba ya zamani na kuandika mpya juu yake. Tayari alikuwa amechora mstari wa kwanza kwenye kitambaa, na mkasi uko wazi.

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye aliingia wakati huohuo kuulizia suruali yake. Huyu mzee kila mwaka hudai suruali zake zinarudi ndani kwa kufuliwa vibaya. Nikaona nafasi. Nikamwomba Shangazi atazame vipimo vya mwalimu katika lile faili, kisha amjaribishe suruali yoyote ya kipimo hicho. Kilikuwa inchi thelathini na nne. Shangazi akatoa suruali moja kutoka kwenye foleni ya wateja, mwalimu akaenda nayo nyuma ya pazia. Tukasikia mapambano. Tukasikia kimya. Kisha sauti yake, yenye heshima zote.

"Mama Futi, hii imesimama magotini."

"Pumua, Mwalimu," Shangazi akamwambia.

"Nikipumua itachanika."

Shangazi akafunga mkasi. Akafuta ule mstari wa chaki kwa kiganja, akakaa tena. Mwalimu alitoka nyuma ya pazia akaona nyuso zetu, akaondoka bila suruali aliyoifuata na bila kuuliza. Mimi nilikuwa nimeshinda ubishi, na sikufurahi hata kidogo.

Jioni ile nilivunja amri. Nilimwandikia Sindano ujumbe mfupi: *Binamu, hongera. Niambie vipimo vyako vya sasa, ni siri yetu.* Akausoma palepale. Jibu likachukua saa nzima kuja: *Kama alikuwa anavitaka asingevifuta.*

Nilikaa na jibu hilo mkononi. Alijuaje kuwa vimefutwa? Sisi wenyewe tumejua asubuhi. Nilidhani baba amemwambia, nikampigia baba kumlaumu, akanilaumu yeye kwa kumlaumu. Hakuwa amemwambia mtu. Nililala na swali hilo, na nikaamka na jibu lake, au nusu yake, nikiwa napiga mswaki. Sindano alijua kwa sababu aliona.

Nilikimbilia kwa Shangazi povu la dawa likiwa bado kidevuni.

"Kabla hajaondoka, Sindano aliliunganisha hili faili na mtandao?"

"Aliniwekea kitu, akasema kompyuta ikiungua vipimo vitabaki hewani. Nikamwambia hewani kuna vumbi."

"Kina neno la siri?"

"Lipo. Nililiandika mahali salama."

Mahali salama palikuwa chini ya droo ya cherehani, kwa chaki ya kukatia. Tuliichomoa droo, tukaigeuza, vifungo vikamwagika chumba kizima. Chaki ilikuwa imefifia, na herufi ya katikati ingeweza kuwa vitu vitatu. Tulipojaribu ya pili, ikakubali.

Hifadhi ile ya mtandaoni ilikuwa imefuata kila alichofanya Shangazi, kwa utiifu: alipofuta huku, nako kulifutwa. Lakini ilikuwa na pipa lake yenyewe, na pipa hilo Shangazi hakulijua, kwa hiyo hakulimwaga. Kitu hukaa humo siku thelathini, ndipo kinapopotea moja kwa moja. Juu ya neno "Vipimo" palikuwa pameandikwa: *zimebaki siku mbili.*

Nilibonyeza kurejesha. Faili likafunguka lote, wateja mia tatu na kumi na mbili, na Shangazi akavuta kiti karibu. Alianza kutazama chini ya kioo, akipanda juu polepole. Alipofika karibu na kile kipande cha bitana akasimama.

"Sindano yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mstari wa kwanza," akasema. "Alijiandika mwenyewe wa kwanza siku tuliyolianza."

Nikakitazama kile kipande, nikakielewa. Si mwanga kilikuwa kinazuia. Kila alipolifungua faili, mstari wa kwanza ulikaa papo hapo, nyuma ya bitana, kwa mwaka mmoja na nusu. Hakuweza kulifuta jina, na hakuweza kulisoma. Nikanyoosha mkono nikibandue. Akanizuia, akakibandua mwenyewe.

Kiuno kilikuwa ishirini na nane.

"Hii si namba yangu," Shangazi akasema. "Mimi mara ya mwisho niliandika ishirini na nne."

Nikafungua orodha ya matoleo ya awali. Uzuri wa hifadhi ile ni kwamba haifuti ya jana ili kuandika ya leo. Inaweka zote, moja chini ya nyingine, na tarehe, na jina la aliyebadilisha. Nilishuka nayo. Mama Futi, Mama Futi, Mama Futi, miezi na miezi. Kisha, wiki kumi na mbili zilizopita, Sindano. Amebadilisha mstari mmoja tu, wa kwake. Kiuno ishirini na saba. Wiki tatu baadaye, Sindano tena: ishirini na saba na nusu. Halafu siku mbili kabla Shangazi hajafanya usafi wake, mara ya tatu: ishirini na nane, na mikono, na urefu hadi chini. Katika safu ya maelezo, pale mama yake anapoandika siri za mabega ya watu, alikuwa ameandika: *Kiatu inchi tatu. Sijanunua gauni.*

Shangazi aliisoma kwa sauti, neno moja moja. Kisha akaisoma tena kimya.

"Alikuwa anajipima," akasema. "Peke yake. Mtu hawezi kujipima mgongo peke yake."

"Alikuwa anakungoja uone."

"Na mimi nikafuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Binti alikuwa amebisha hodi mara tatu kwa njia pekee ambayo kiburi chake kilimruhusu, na siku mbili baadaye akaona mlango umeng'olewa. Kwa siku ishirini na nane aliamini kuwa mama yake amesoma, na hilo ndilo jibu lake. Nilimwonyesha Shangazi ule ujumbe wangu wa siri na jibu lake. Alipomaliza kuusoma hakuniambia nitafute shangazi mwingine. Alilia, waziwazi, akijifuta kwa kile kipande cha bitana, na mimi nikalia naye, nikiwa bado na dawa ya mswaki kidevuni.

Kisha akavuta kibodi. Anaandika kwa kidole kimoja, na huwa nikimtazama natamani kumpokonya, lakini siku ile nilikaa juu ya mikono yangu. Katika safu ya maelezo, chini ya maneno ya Sindano, aliandika: *Sikuona. Nilitupa na taka, si kwa kukusudia. Kitambaa kiko mezani. Kiuno nakuachia nusu inchi.*

Tukangoja. Shangazi aliokota vifungo. Mimi nilinawa uso. Aliokota vifungo vyote arobaini, akavipanga kwa rangi, akavimwaga akavipanga upya. Yapata saa nne asubuhi, kwenye kona ya kioo, likatokea jina la Sindano. Lilikuja, likasimama kwenye mstari wa kwanza, likakaa hapo kwa muda ambao ningeweza kufungua na kufunga kompyuta tatu. Ndipo herufi zikaanza kujiandika zenyewe.

*Acha inchi nzima, Mama. Tangu faili lipotee nakula tu.*

"Piga," Shangazi akaniambia.

Nilipiga, nikaweka spika, nikaiweka simu juu ya kitambaa cheupe. Ilipokewa mlio wa kwanza. Hakuna aliyesema hujambo. Tulisikia tu chumba cha upande wa pili, kiti kikisogezwa, mtu akishusha kitu mezani. Shangazi alichukua chaki, akainama mezani, akasema kwa ile sauti ya zamani niliyoizoea kupitia ukuta:

"Kiuno."

"Ishirini na tisa, Mama."

Shangazi akasimamisha chaki. Mtu anayefyonza tumbo anamjua hata kwenye simu.

"Pumua kwanza," akasema. "Ndipo upime."

Ikaja pumzi ndefu, yenye kukatika katikati, na baada yake kimya cha futi ikizungushwa.

"Ishirini na tisa na nusu."

"Hapo sawa," Shangazi akasema. Nikaiandika namba ile, nikaihifadhi mara mbili, na ya zamani sikuifuta.